Zamu Yangu Aliyoichukua Njeru

Asubuhi hiyo Njeru alinishinda dama mara tatu mfululizo, na mara ya tatu alinishinda huku akipiga gumzo na watu wengine, bila hata kuutazama ubao vizuri. Tulikuwa tukicheza kwa vifuniko vya soda kwenye sitaha ya nyuma, baada ya chai na mandazi. Bahari ilikuwa shwari. Nguo tulizofua alfajiri tulikuwa tumezianika kwenye vyuma vya ukingoni, na mpishi alikuwa ameketi juu ya ndoo akichambua maharagwe. Watu wanne walisimama nyuma ya Njeru wakimshangilia. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Wengi wakisimulia vita huanza na adui. Mimi siwezi, maana kabla sijamwona adui yeyote nilikuwa tayari na mtu wa kumchukia, naye alikuwa amekaa mbele yangu akipanga vifuniko upya. Naandika haya nikiwa nyumbani Nkubu, nimeshastaafu, nalima ndizi na parachichi, na mgongo wangu unanisumbua kila mvua ikinyesha. Nimezeeka vya kutosha kusema neno lenyewe. Nilimwonea wivu.

Tulikuwa katika meli ya doria, miaka ile majeshi yetu yalipokuwa yameingia Somalia. Kazi yetu ilikuwa kusimamisha boti zilizoelekea pwani ile, kuzikagua, na kuzuia zilizobeba silaha. Mimi nilikuwa sajenti wa kikosi cha zimamoto cha meli. Njeru alikuwa koplo chini yangu. Alitoka Embu, upande wa Runyenjes, nami natoka Meru, na kwa watu wa pwani sisi wawili tulikuwa kitu kimoja: watu wa milimani waliopotea njia wakaangukia baharini. Walitutania pamoja. Lakini utani wenyewe ulimkalia yeye vizuri, ukanikaa mimi kama kiatu cha mtu mwingine.

Alikuwa na sauti ya kuimba. Alijua majina ya watoto wa kila mtu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitano kabla yake, na kamanda wa meli alikuwa bado akiniita "Mmeru", lakini yeye aliitwa Njeru tangu wiki ya kwanza. Tulipofanya mazoezi ya kuzima moto, mimi ndiye niliyefundisha, na yeye ndiye aliyepigiwa makofi. Nilisubiri sifa zimharibu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikawa naonja tembo lake kila siku nikitafuta maji. Sikuyapata.

Silaha yangu ilikuwa moja tu. Kwetu Meru, na kwao Embu vilevile, mwanaume hahesabiwi sana kwa mwaka aliozaliwa. Huhesabiwa kwa mwaka aliotahiriwa. Aliyekutangulia hata kwa msimu mmoja ni mkubwa wako, na aliyekuja nyuma ndiye hutumwa: maji, kuni, ujumbe, chochote. Hayo huyabeba mtu mpaka mvi zitoke. Siku aliyoripoti melini nilimuuliza kabla hata hajatua begi.

"Wewe ulitahiri lini?"

Akanitajia mwaka. Ulikuwa unafuata wangu.

"Basi leta chai," nikamwambia.

Alicheka, akaleta. Tangu siku hiyo nilimtuma. Nilimtuma chai ambayo sikuwa na kiu nayo. Nilimtuma miwani niliyokuwa nimeiacha makusudi kitandani. Wale wa pwani hawakuelewa kwa nini koplo mwenye jina kubwa kama lake anakimbizwa hivyo na mtu mmoja mnuni, na Njeru mwenyewe aliwaeleza, bila kinyongo, kwamba kwao ndivyo ilivyo. "Huyu ni rika la mbele yangu," alisema. "Akinituma naenda." Hata hapo akawa yeye ndiye mwenye adabu, nami mwenye roho mbaya.

Kwa hiyo asubuhi ile, aliponishinda mara ya tatu, nilimtuma maji ya kunywa. Alikuwa amesimama na kikombe mkononi kengele ya hatari ilipolia.

Boti tatu ndogo zilikuwa zimejificha katikati ya boti za wavuvi. Zilichomoka kwa pamoja, kasi, zikitujia kwa ubavu wa kulia.

Roketi ya kwanza ilipita juu yetu. Niliisikia, sikuiona.

Ya pili iliingia ubavuni, karibu na maji, kwenye chumba cha mitambo.

Meli iliruka chini ya miguu yangu. Taa zote zikazimika, na injini, ambayo hatukuwahi kuisikia kwa kuwa ilinguruma siku zote, ikanyamaza. Kisha moshi mweusi ukapanda kutoka kwenye tundu la ngazi ya nyuma.

Watu waliokuwa wakishangilia mchezo wa dama dakika tano kabla niliwaona wakifanya mambo ambayo mpaka leo sijayasahau. Mpiga mzinga wa nyuma alichanwa bega na kipande cha chuma. Alijifunga mkanda wake mwenyewe, akaukaza kwa meno, akaendelea kufyatua mpaka boti mbili zikageuka na ya tatu ikawa inateketea. Mpishi aliacha maharagwe, akalowesha taulo mbili, akashuka kwenye ghala la risasi lililopakana na chumba cha mitambo. Ukuta wa ghala ulikuwa umeanza kupata moto. Aliyatoa masanduku moja moja akiyakumbatia kifuani, na ngozi ya mikono yake ikabaki kwenye taulo. Hakuna aliyemwamuru.

Zamu ya kuingia motoni wiki hiyo ilikuwa yangu. Ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa mkono wangu. Anayeingia huvaa mtungi wa hewa na kinyago, na hufungwa kamba kiunoni. Anayebaki mlangoni hushika kamba na saa. Kuvuta mara moja maana yake niko salama, mara mbili legeza nasonga mbele, mara tatu nitoe.

Nilikuwa nimeshavaa mtungi. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chuma nikitazama chini, na chini hapakuwa na ngazi, hapakuwa na chumba, palikuwa na weusi unaonguruma. Ndani ya weusi huo alikuwemo Salim, fundi wa mitambo, kijana wa Kiislamu kutoka Meru mjini ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na soko la Gakoromone. Tulimsikia akiita.

Miguu yangu haikusogea. Sijui ni kwa muda gani. Labda ni pumzi tatu tu.

Njeru alikuwa kando yangu, naye amevaa. Aliiona miguu yangu. Najua aliiona, kwa sababu hakunitazama usoni.

"Mzee," alisema, "mimi ndio wa nyuma. Aliyetahiri nyuma ndio hutumwa. Nitume."

Alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. Alinipa njia ya kubaki na heshima yangu, akachukua zamu yangu, kwa kutumia kitu kile kile nilichokuwa nikimtesea. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia.

"Enda," nikasema.

Aliingia.

Baada ya dakika tisa alitoka na Salim mgongoni. Salim alikuwa hai, nguo zimemgandia mwilini. Watu walipiga kelele. Njeru alivua kinyago ili aseme, na uso wake ulikuwa mwekundu kama uliopikwa.

"Valvu ya mafuta iko wazi. Mafuta ndiyo yanalisha moto. Nimeiona ilipo."

"Ni zamu yangu," nilisema. Safari hii miguu ilikuwa tayari. Naapa ilikuwa tayari. Mtungi wangu ulikuwa umejaa.

"Wewe hujui ilipo, Mzee. Utaitafuta mpaka ghala ilipuke."

"Mtungi wako umebaki nusu."

"Nusu inatosha."

Akarudisha kinyago, akageuka, akashuka. Hakusubiri nimtume.

Nilipiga hesabu. Kwa kazi ile na joto lile, alikuwa na dakika tisa. Kanuni niliyokuwa nikiifundisha mimi mwenyewe ilikuwa wazi: zikibaki tatu, mvute, atake asitake. Yaani dakika ya sita.

Dakika ya pili alivuta mara moja. Salama.

Dakika ya nne, mara moja.

Dakika ya sita niliikaza kamba nianze kumtoa. Kabla sijavuta, ikatikisika mikononi mwangu. Mara mbili.

Legeza. Nasonga mbele.

Hapa ndipo nimekaa miaka yote hii. Nyuma yangu watu walikuwa wakilitaja jina lake. Salim, aliyelala sakafuni akikohoa damu, alikuwa akilitaja jina lake. Nami kifuani mwangu nilisikia maneno haya, wazi, kwa Kimeru, lugha ya mama yangu: Enda basi. Enda uchukue na hiyo pia.

Nikalegeza kamba.

Dakika ya saba mngurumo ulipungua. Ya nane ukawa mnong'ono. Alikuwa ameifunga valvu.

Nilivuta. Kamba ilikuja kidogo, ikakwama.

Niliingia mwenyewe. Miguu haikuniuliza kitu. Nilimkuta hatua nne kutoka kwenye ngazi, amelala kifudifudi, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Nilimbeba nikamtoa. Daktari wa meli alimhangaikia mpaka kamanda alipomshika bega na kumwambia basi.

Tume ya uchunguzi ilikaa. Niliwaeleza dakika, mivuto, mtungi. Sikuwaeleza yaliyokuwa kifuani kwa sababu hawakuuliza, na tume haina mahali pa kuandikia mambo hayo. Walisema kama ningemvuta dakika ya sita, huenda angeishi, lakini huenda pia ghala lingelipuka na sisi sote tungeenda chini. Walisema niliamua vyema katika hali ngumu. Nilipewa barua ya pongezi. Yeye alipewa nishani, ikakabidhiwa kwa mama yake.

Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza kule Embu. Watoto wa shule walipanga mistari barabarani na maua ya porini. Kwaya tatu. Wakubwa wa serikali waliokuwa hawajui kulitamka jina la kijiji kile walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu. Naona haya kuandika, lakini nimeahidi ukweli: nilikuwa nimebeba pembe ya jeneza begani, na nililionea wivu. Niliwaza, mimi nikifa nani atapanga watoto barabarani? Halafu nililia, na watu wakasema tazama huyo Mmeru anavyomlilia mwenzake.

Nilidhani mtu akifa wivu anaoonewa huzikwa naye. Haukuzikwa. Mke wangu, ambaye hakuwahi kumwona Njeru hata siku moja, akihadithia wageni husema, "Huyo alikuwa mwanaume kamili," na mimi nipo hapo hapo nakata viazi. Salim aliacha jeshi, akarithi duka la baba yake. Kila nikienda Meru mjini napita kumsalimu, na kila mara anakuwa na mteja mpya wa kumweleza. Anaonyesha makovu ya shingoni. Anaigiza Njeru alivyoshuka. Anamwiga sauti. Kisha mteja huuliza kama walikuwa wawili tu huko ndani, na Salim hujibu, "Kulikuwa na mwingine ameshika kamba." Mimi ndiye huyo mwingine. Nakaa kwenye kiti cha plastiki nakunywa soda.

Siku moja, Salim akiwa katikati ya hadithi hiyo, niliweka chupa chini nikaondoka bila kuaga. Nilirudi nyumbani sikula. Mke wangu alidhani ni malaria. Nilikuwa nimegundua kwamba sijui jibu la swali moja, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kulijibu: nilipolegeza kamba, niliiokoa meli au nilimwua Njeru? Mkono ulikuwa mmoja. Ulifanya kitendo kimoja. Nani aliyeuongoza, sajenti au yule mtu mwenye kijicho? Wiki iliyofuata nilivuka kwenda Embu.

Mama yake nilimkuta shambani akichuma kahawa, kikapu kiunoni. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya mwanawe. Nilimwamkia, nikamtajia jina langu na kwamba nilitumika na Njeru. Aliendelea kuchuma mpaka akamaliza tawi.

"Wewe ndio ule Mmeru," alisema. "Ule alikuwa anamtuma chai."

Nilishtuka. "Alikwambia hiyo?"

"Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. Karibu nyumba."

Picha zake zilikuwa ukutani pande zote: akiwa na sare, akiwa shule, akiwa amekumbatia mbuzi. Nishani ilikuwa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, kati ya vikombe vya wageni. Alinipa chai na nduma za kuchemsha. Alizungumza Kiembu, mimi nikajibu Kimeru, na tuliposhindwana tukaingia Kiswahili.

"Alikuwa anasema, 'Mama, hapa watu wote wananipenda, lakini kuna Mmeru mmoja ananikatalia. Hajawahi niambia umefanya vizuri. Hata siku moja. Hiyo yake ndio nataka.'" Akatikisa kichwa. "Nilikuwa namwambia wachana na yeye. Lakini Njeru ukimnyima kitu, hiyo ndio atalilia."

Nilikiweka kikombe mezani. Miaka yote nilikuwa nikimtazama mtu mwenye kila kitu, na kumbe mimi nilikuwa nimeshika kitu kimoja alichokitaka, na nilikuwa nimekibana makusudi. Sikuweza tena kuondoka na yale niliyokuja nayo.

Nikamweleza yote. Miguu iliyokataa kusogea. Mtungi wangu uliojaa na wake wa nusu. Kanuni ya dakika ya sita. Mivuto miwili. Nikamwambia na yale maneno, kama nilivyoyasikia, kwa Kimeru, na nikaona ameyaelewa kabla sijamaliza.

"Nilimlegezea na roho mbaya, mama. Siwezi sema ni hiyo ilimuua. Lakini ilikuwa hapo."

Kuku aliingia, akazunguka miguu ya meza, akatoka. Mama Njeru aliinuka, nikadhani anakwenda kulia chumbani. Alikwenda kufunga mlango, akarudi akaketi, mikono mapajani.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa na wewe nisikie. Tangu waniletee huyo mtoto, kila mtu ananiambia nijivunie. Chifu anasema nijivunie. Kanisa inasema nijivunie. Nimejivunia mpaka nimechoka. Hakuna mtu amenipea mtu wa kukasirikia. Mungu, naogopa. Serikali ni kubwa, utaikasirikia wapi? Hao wa boti, sijui hata sura yao."

Alinitazama.

"Wewe nakuona. Wewe uko na sura."

"Ndiyo, mama."

"Sitakulaani. Uko na watoto, Njeru aliniambia. Lakini nitakukasirikia. Nitaanza leo. Sijui nitamaliza lini. Enda kwako, na usikuje hapa mpaka nikuite."

Niliinuka. Alinifungia nduma zilizobaki kwenye karatasi, kwa sababu kwao, kama kwetu, mgeni hatoki mikono mitupu, akanipa bila kunigusa vidole. Nilipita chini ya zile picha zote nikatoka. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha Njeru, na sasa kulikuwa na kimoja kilichokuwa changu peke yangu, hasira ya mama yake. Nilitembea hadi barabarani nikiwa nimekishika, na kwa mara ya kwanza tangu tucheze dama sikutaka kitu chochote cha mtu mwingine.

Huu ni mwaka wa tatu. Hajaniita.